Hofu ya mhusika na hofu ya mtazamaji: jibu kwa mwandishi wa filamu ya kutisha

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nimependa filamu za kutisha tangu utotoni, na sasa nimemaliza mswada wangu wa kwanza, wenye kurasa 90. Unamhusu Mwanaidi, mjane kijana anayebaki na mdogo wake Abuu katika nyumba ya marehemu mumewe hapa Tanga, nyumba ambayo ina jini. Jini anatokea karibu kila baada ya kurasa tatu, damu ipo na mayowe yapo, lakini wenzangu waliousoma wanasema haukuwatisha hata kidogo. Nimekosea wapi? Nitazame filamu zipi, na nizitazame vipi, ili nijifunze? Na je, mwishoni jini aonekane waziwazi au asionekane?"

Jibu: Marahaba, binti yangu. Kurasa za mwanzo ulizoniambatishia nimezisoma zote, na ni haki yako kuambiwa kwanza kwamba lugha yako ni safi, mazungumzo ya Mwanaidi na Abuu yana uhai, na nyumba yenyewe, pamoja na ua wake na mtungi wa maji ulio kwenye kona ya jiko, nimeiona vizuri. Kwa hiyo kipaji unacho. Kasoro ni kwamba katika mswada wako anayeogopa ni Mwanaidi, ilhali anayetakiwa kuogopa ni mtazamaji. Mwanaidi anapiga mayowe katika ukurasa wa 4, wa 7 na wa 10, nasi tunamwangalia tu akipiga mayowe. Hofu ya mhusika haihamii kwa mtazamaji kwa sababu imeandikwa kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao. Mtazamaji huogopa kutokana na kile anachokijua yeye, au kile anachohisi kwamba yu karibu kukijua, na kazi kubwa ya mwandishi wa filamu ya kutisha ni kuugawa ujuzi huo: nani anajua nini, amekijua tangu lini, na nani bado hajui.

Ipo filamu moja ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili tunaweza kuionja katika jambo hili kuliko watu wengine wote. Ni Get Out ya mwaka 2017, iliyoandikwa na kuongozwa na Jordan Peele, Mmarekani mweusi. Inaanza na kijana mweusi anayetembea peke yake usiku katika mtaa tulivu wa watu wenye nafasi. Gari linapunguza mwendo kando yake, naye anatekwa. Baada ya hapo majina ya wasanii yanapita juu ya picha ya miti inayokimbia, na unasikika wimbo wa Michael Abels uitwao "Sikiliza Kwa Wahenga", wenye maneno ya Kiswahili yanayomwonya ndugu akimbie na ajiokoe. Watazamaji wengi wa Marekani walisikia sauti zinazonong'ona lugha wasiyoijua, wakasisimkwa na mwili bila kujua sababu. Sisi tumeshaambiwa ukweli wote, na Chris, kijana ambaye hadithi inamhusu, hajatokea hata mara moja. Tangu dakika hiyo kila tabasamu analopokewa nalo ukweni tunalitazama kwa jicho la mtu aliyeonywa. Hofu inayotokana na kumwona mtu akielekea mahali ambapo wewe umeshaonywa haina haja ya damu.

Peele alipata Tuzo ya Oscar ya mswada asilia mwaka 2018, akiwa mwandishi mweusi wa kwanza kuipata, na ukitaka kujua aliistahili kwa nini, itazame filamu hiyo kwa mara ya pili. Njiani kuelekea ukweni gari lao linamgonga mnyama, paa, polisi anafika, na ingawa aliyekuwa akiendesha ni Rose, mchumba mzungu, polisi anataka kitambulisho cha Chris. Rose anakataa katakata. Mara ya kwanza tunamwona msichana anayemtetea mpenzi wake dhidi ya ubaguzi, na tunampenda kwa hilo. Mara ya pili, tukiwa tumeshajua kwamba Rose mwenyewe ndiye anayempeleka Chris mtegoni, tunaelewa kwamba Rose hakutaka pawepo kumbukumbu yoyote ya polisi kwamba Chris alipita barabara hiyo. Neno halijabadilika wala picha haijabadilika. Kilichobadilika ni tunachokijua.

Hiyo ndiyo njia ya kutazama ninayokushauri. Mara ya kwanza tazama kama mtazamaji wa kawaida, taa zikiwa zimezimwa na simu ikiwa mbali, usichambue chochote. Mara ya pili kaa na daftari lenye safu mbili, na mwishoni mwa kila onyesho simamisha picha uandike upande mmoja anachokijua mhusika, upande wa pili unachokijua wewe. Utaona kwamba maonyesho yaliyokutisha ni yale ambayo safu hizo mbili hazilingani. Kisha lichague onyesho moja tu, ulitazame bila sauti, halafu ulisikilize ukiwa umefumba macho. Naliweka mkazo hilo la sauti kwa sababu wengi wetu katika Afrika Mashariki tulizifahamu filamu za kutisha kwenye mabanda ya video, mtafsiri akisimulia juu ya sauti ya filamu mwanzo hadi mwisho. Usimulizi huo ni sanaa yenye heshima yake, lakini katika filamu za aina hii hufunika kitu muhimu kuliko maneno yote, nacho ni ukimya.

Kuhusu ukimya, usipite bila kuitazama Cat People ya mwaka 1942. Studio ya RKO ya Hollywood ilimpa mtayarishaji Val Lewton masharti magumu: kila filamu igharimu chini ya dola 150,000, isizidi dakika 75, na jina lake lichaguliwe na wakubwa wa studio. Lewton, mwandishi DeWitt Bodeen na mwongozaji Jacques Tourneur wakatoa kisa cha Irena, mwanamke kutoka Serbia aliyeolewa New York, ambaye anaamini kwamba mapenzi au wivu vitamgeuza kuwa chui. Mumewe ana mfanyakazi mwenzake, Alice, na wivu wa Irena unamwangukia huyo. Usiku mmoja Alice anarudi nyumbani kwa miguu, akipita barabara iliyo kando ya bustani kubwa ya jiji, na Irena anamfuata kwa mbali.

Hakuna muziki. Tunasikia viatu vya mchuchumio vya wanawake wawili vikigonga lami, vya Alice mbele na vya Irena nyuma, picha ikimwendea mmoja kisha mwingine. Halafu, tukiwa kwa Alice, tunatambua kwamba hatua za nyuma hazisikiki tena. Hakuna aliyetuambia kilichotokea. Alice naye anatambua, anaongeza mwendo, anakimbia kutoka mwanga wa taa moja hadi nyingine, sisi tukingoja mngurumo wa chui. Sauti kali inapasua ukimya, watu wanaruka vitini, kumbe ni basi la abiria limesimama mbele yake, na tulichosikia ni pumzi ya breki za upepo. Hata leo watengenezaji wa filamu hukiita kishtuo cha namna hiyo kwa jina la basi.

Waandishi wengi chipukizi wameliiga basi na kuzisahau hatua. Wanajaza miswada yao paka wanaoruka kutoka kabatini na mikono inayomgusa mtu begani, wakidhani ndicho kinachotisha, hali kishtuo ni kitu cha sekunde moja ambacho hata mlango unaobamizwa na upepo unaweza kukileta. Kilichomshika mtazamaji wa mwaka 1942, na kinachomshika mtazamaji wa leo, ni zile sekunde ambazo sauti moja imetoweka na akili yake imeanza kuijaza nafasi iliyoachwa wazi. Lewton hakuwa na fedha za kumtengeneza mnyama wa kuaminika. Wakubwa wa studio waliposisitiza chui aonekane, Tourneur alimwingiza, lakini akamficha vivulini. Umaskini wa bajeti uliwafundisha kwamba mtazamaji hutengeneza chui wake mwenyewe, tena mbaya kuliko wa studio. Hili liwe faraja kwako, maana nawe hutakuwa na fedha.

Jambo hilohilo lilitokea tena katika Jaws, mwaka 1975, pale papa wa mashine alipokuwa akiharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi. Steven Spielberg alilazimika kutengeneza sehemu kubwa ya filamu bila papa, na baadaye mapipa ya njano yaliyofungwa kwa kamba kwenye mwili wa samaki yakawa ndiyo yanayotuambia yuko wapi: pipa likizama, tunajua. Chagua kitu cha kawaida ndani ya nyumba ya Mwanaidi kifanye kazi ya mapipa hayo. Unacho tayari, nami nitakirudia.

Kabla ya hapo, nataka uangalie dakika chache za Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, iliyoandikwa na Joseph Stefano kutokana na riwaya ya Robert Bloch. Kila mtu hukumbuka mauaji ya bafuni, na ni kweli kwamba kumuua Marion, mhusika tuliyedhani ndiye mkuu, kabla filamu haijafika nusu, kulikuwa uamuzi wa kijasiri. Lakini mimi naona somo kubwa la uandishi liko baada ya mauaji. Norman, kijana mwenye hoteli ndogo alimofikia Marion, anaosha bafu, anafunga mwili ndani ya pazia la plastiki, anautia katika buti ya gari pamoja na dola 40,000 alizokuwa ameziiba Marion, ambazo hata hajui kwamba anazo, kisha analisukuma gari kwenye kinamasi. Gari linazama polepole. Likiwa limebaki kidogo, linasimama. Norman anageuza shingo huku na huku, kana kwamba anahofia kuonekana, na katika sekunde hizo kila mtazamaji anaomba gari lizame. Dakika chache tu zilizopita tulikuwa upande wa mwanamke aliyeuawa. Sasa tunamwombea heri anayeficha maiti yake. Gari linapozama tunashusha pumzi, kisha tunajishtukia. Hofu ya namna hiyo hutoka nawe ukumbini, kwa sababu umejigundua mwenyewe jambo ambalo hukulijua, na aliyekupeleka hapo ni mwandishi aliyekuelezea kazi ya mikono kwa utulivu, hatua baada ya hatua, mpaka ukataka ikamilike.

Sasa tuingie katika mswada wako. Ukurasa wa 4, Mwanaidi anakwenda jikoni usiku kunywa maji, anafungua mlango, jini amesimama, anapiga yowe, taa inazimika. Yote yamekwisha ndani ya nusu ukurasa, na baada ya hapo jini hana tena cha kutuficha. Hebu tumwondoe kabisa, tubaki na mtungi:

NDANI. CHUMBANI KWA MWANAIDI. USIKU.

Mwanaidi amelala ubavu, uso umeelekea ukutani. Nyuma yake, ndani ya chandarua, Abuu amelala fofofo, mdomo wazi.

Jikoni, kifuniko cha mtungi kinafunuliwa.

Mwanaidi anafumbua macho. Hageuki.

Kata inazama majini. Mtu anakunywa. Anakunywa kwa muda mrefu.

MWANAIDI
(kwa sauti ya usingizi)
Abuu, ukimaliza funika mtungi.

Kimya.

Kifuniko kinarudishwa mahali pake, taratibu.

Mwanaidi anafumba macho.

Hapo Mwanaidi hakuogopa hata chembe, na ndiyo sababu sisi tunaogopa. Tumemwona Abuu, yeye hakumwona. Tena aliyeko jikoni amesikia, ameelewa, na ametii, na utiifu wake unatisha kuliko angepiga kelele, kwa sababu unatuambia kwamba anaijua nyumba na wenyewe. Ukiitengeneza picha hiyo itakugharimu mtungi mmoja na kipaza sauti kizuri.

Onyesho hilo litapata nguvu maradufu ukipanda mbegu yake mapema. Katika A Quiet Place ya mwaka 2018, filamu ambayo viumbe wake huwinda kwa kufuata sauti, gunia la nguo linalovutwa ngazini linanasa msumari na kuuacha umesimama, ncha juu. Mama mjamzito aliyekuwa akilivuta haoni. Sisi tunaona, na tangu hapo hatuwezi kuitazama ngazi hiyo kwa amani mpaka siku mguu wake unapoukanyaga naye hawezi kulia kwa sauti. Kwako wewe, ukurasa wa 2, siku ya matanga, weka sentensi moja ya mama mkwe, ipite kama mazungumzo ya kawaida: kwamba marehemu alikuwa na tabia ya kuamka usiku kunywa maji na kuacha mtungi wazi, na kila usiku mkewe alimwambia, "Ukimaliza funika mtungi." Mtazamaji ataisikia, ataiweka akiba bila kujitambua, na itakapotamkwa tena gizani atajikuta na swali ambalo hukuwa nalo katika mswada wako: anayekunywa ni jini, au ni mume? Na kama ni mume, je, Mwanaidi atataka aondoke?

Hapo ndipo ninapotaka filamu yako iwe na moyo wake, ndani ya msiba. Jini wako wa sasa angeweza kumtokea mtu yeyote katika nyumba yoyote. Jini anayekuja na kiu ya marehemu hawezi kumtokea mwingine ila Mwanaidi.

Utaulizwa pia swali ambalo watazamaji wetu huliuliza kwa sauti, wakimwelekea mhusika kabisa: kwa nini hawahami? Katika mswada wako hakuna jibu. Lakini umemfanya mjane Mwislamu, na umesahau kwamba yumo edani. Kwa miezi minne na siku kumi anatakiwa kukaa katika nyumba ya mumewe, asitoke ila kwa dharura, na kumsihi ahame ni kumsihi avunje amri anayoiamini, mbele ya wakwe wanaomtazama. Eda inamfunga ndani ya nyumba kwa heshima, bila kufuli wala gari lililokataa kuwaka, na pia inakupa kalenda, kwa kuwa kila onyesho linaweza kuwa na idadi ya siku zilizobaki. Iandike kwa adabu, kama kitu anachokipenda na kinachomlinda katika huzuni yake, isije ikaonekana kwamba eda yenyewe ndiyo adha.

Mwache pia atumie akili yake. Mwanaidi afikiri kwanza ni panya, halafu ni Abuu, halafu ni majonzi yake yanayomchezea, na kila dhana aijaribu kwa vitendo. William Peter Blatty, katika mswada wa The Exorcist wa mwaka 1973, alimpitisha mama wa binti aliyepagawa kwa madaktari na vipimo vya kichwa vya kutisha kabla hajamwendea padri, na ni kwa sababu hiyo tunamsadiki anapofika kwa padri.

Naandika aya hii kwa uzito. Katika ukurasa wa 9 umemleta bibi jirani mwenye macho mekundu, na umedokeza kwamba ndiye mchawi. Tafadhali mwondoe. Wanawake wazee wameuawa katika nchi yetu, hasa kanda ya ziwa, kwa tuhuma hiyo, na macho yao mekundu yametokana na miaka ya kupika kwa moshi. Watu wenye ualbino nao wamewindwa kwa imani za namna hiyohiyo. Filamu ya kutisha inagusa mahali ambapo watu wanaamini kweli, na mwandishi hana ruhusa ya kumnyooshea kidole mtu halisi wa mtaani. Ukitaka kuchukua kitu katika imani za mwambao, chukua namna watu wanavyoishi wanapokuwa na hofu. Hofu ya Popobawa, pepo anayesemwa kuwa na mbawa za popo, ilipoikumba Pemba mwaka 1995, kisha Unguja, familia zililala nje kwa makundi, moto ukiwaka. Magodoro uani chini ya mwembe, wazee wakipokezana kukesha: picha hiyo inatisha bila kumwonyesha yeyote mwenye mbawa.

Kuhusu ukurasa wenyewe, nitasema machache. Ukurasa mmoja wa mswada huhesabiwa kuwa takribani dakika moja ya filamu, kwa hiyo onyesho la kungoja lisibanwe katika aya moja nzito. Kila tendo lipe mstari wake, na acha nafasi tupu baina ya mistari, ili msomaji angoje kama atakavyongoja mtazamaji. Andika sauti kwa majina yake, kata, kifuniko, hatua, badala ya "sauti ya ajabu". Futa kila mahali ulipoandika "inatisha sana". Maelekezo ya kamera mwachie mwongozaji.

Na swali lako la mwisho, kama jini aonekane. Mimi nasema aonekane mara moja, kwa muda mfupi, kuelekea mwisho. Kumficha mpaka filamu iishe humwacha mtazamaji akihisi amedhulumiwa, na kumwonyesha sana humzoesha. Katika Alien ya mwaka 1979, ndani ya vazi la kiumbe alikuwamo kijana wa Kinigeria, Bolaji Badejo, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, na mwongozaji Ridley Scott alimwonyesha kwa vipande vipande, katika giza na mvuke, kwa sababu alijua kwamba kiumbe akionekana mzima kwa muda mrefu tutamwona mtu aliyevaa vazi. Kwa hiyo chagua kiungo kimoja, nami ningechagua mkono, kwa kuwa mkono ndio unaoshika kata. Ila usiuandike sasa. Rudi kwanza kwenye ukurasa wa 2, upande ile sentensi ya mama mkwe, uandike upya kurasa kumi za mwanzo jini asitokee hata mara moja, kisha wape walewale waliosema hawakuogopa, na uwaulize swali moja tu: walidhani ni nani aliyekuwa akinywa maji. Majibu yao yatakuelekeza mkono huo uwe wa nani.